Mwanafunzi Aliyeuza Mechi

Kusini mwa mji wa Philadelphia, karne iliyopita ilipokuwa bado changa, mzee mmoja mwenye ukumbi wa pool alikuwa akiifungia mipira yake kila usiku. Hakuwa akiogopa wezi. Alikuwa akimficha mwanawe mipira hiyo. Joseph Mosconi hakutaka mtoto wake Willie ashike fimbo ya pool. Katika ukoo wao walikuwamo wacheza dansi wa jukwaani waliovuma, na baba alitamani kijana ashike njia hiyo. Mtoto akatafuta mbinu yake. Akatwaa viazi vidogo vya mviringo jikoni kwa mama, akatwaa mpini wa ufagio, na watu walipolala akateremka ukumbini kucheza. Baba alipokuja kugundua, alikuta mkono umeshazoea. Willie alipofika umri wa miaka kama sita, watu walikuwa wakilipa kiingilio kumtazama akicheza na Ralph Greenleaf, bingwa wa dunia.

Nimeanza na viazi hivyo kwa sababu filamu mbili ninazotaka kusimulia habari zake, The Hustler ya mwaka 1961 na The Color of Money ya mwaka 1986, zina swali moja chini yake: nani alimfundisha nani, na alimfundisha nini hasa. Pool haisomwi kitabuni. Unasimama kando ya meza, unatazama kiwiko cha mtu, unaliwa hela zako, unarudi kesho. Mosconi mwenyewe, mwaka 1933, alizunguka miji ya Marekani na Greenleaf wakicheza mechi zaidi ya 100. Mkubwa alimzidi mdogo, lakini si kwa mbali, na mdogo alirudi nyumbani akiwa mchezaji mwingine kabisa. Kati ya mwaka 1941 na 1957 alitwaa ubingwa wa dunia mara 15. Mwezi Machi 1954, huko Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa hata mmoja.

Mosconi alicheza akiwa na suti na tai, na aliwachukia matapeli wa meza kwa moyo wake wote. Alijua walivyouchafua mchezo alioupenda. Lakini kamari haikuja baadaye kuuvamia mchezo huu. Ilikuwamo ndani ya jina lenyewe. Katika karne ya 19, pool kwa Wamarekani lilikuwa dau la pamoja, fedha wanazochanga watu wanaobeti, na ukumbi wa pool ulikuwa chumba cha kubeti mbio za farasi. Meza ziliwekwa humo ili wateja wapate cha kufanya wakisubiri mbio nyingine. Farasi wakaondoka, meza zikabaki, na jina likahamia mezani.

Humo ndimo alimozaliwa mtu ambaye Waingereza na Wamarekani humwita hustler. Sisi tungesema ni mtu anayekuingiza mjini. Kazi yake ni kuficha ubora wake. Anapoteza kidogo, anajifanya amelewa, anajisifu kijinga mpaka wewe mwenyewe uombe dau lipandishwe, kisha anakumaliza. The Hustler inaanza na somo hilo. Eddie Felson na mwenzake mtu mzima, Charlie, wanaingia kwenye baa ya kando ya barabara wakijidai ni wachuuzi walio safarini. Eddie anapiga pigo gumu na mpira unaingia. Charlie anasema ni bahati tu. Wanawekeana dau arudie, Eddie anakosa. Anataka dau kubwa zaidi, Charlie anagoma na kutoka nje kwa hasira. Mwenye baa, aliyekuwa akitazama yote hayo, anachukua dau lile yeye. Eddie anapiga pigo lilelile, na safari hii mpira unaingia kama uliokuwa ukivutwa kwa kamba. Kwenye gari nje, Charlie anasubiri.

Aliyewabuni watu hao ni Walter Tevis, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1928. Utotoni aliugua moyo, wazazi wakamweka katika nyumba ya wagonjwa wanaojiuguza, wao wakahamia Kentucky. Alikaa huko karibu mwaka mzima, akipewa dawa za kumtuliza, kisha akiwa na umri wa miaka 11 akavuka nchi peke yake kwa treni kuwafuata. Huko Lexington alikuwa mtoto mgeni, mnyonge wa mwili, asiye na rafiki, mpaka alipompata mmoja ambaye nyumbani kwao kulikuwa na meza ya pool. Mezani hapo ndipo alipojifunza mchezo. Alipoingia Chuo Kikuu cha Kentucky alifanya kazi katika ukumbi wa pool. Aliandika kwanza hadithi fupi za magazetini, na mwaka 1959 riwaya yake ya kwanza, The Hustler, ikatoka. Mtu aliyewahi kuachwa peke yake akiwa mdogo huwaandika wakufunzi kwa namna ya pekee: anawatamani, na anawaogopa. Mwaka 1983 Tevis alichapisha The Queen's Gambit, habari ya msichana yatima anayefundishwa sataranji na mfagizi wa kituo cha watoto katika chumba cha chini ya ardhi, na watoto wa kituo hicho hulishwa dawa za kutuliza. Wengi waliifahamu hadithi hiyo mwaka 2020 ilipogeuzwa tamthilia ya runinga. Yatima yule ni Tevis.

Riwaya ya mwaka 1959 ilichukuliwa na Robert Rossen, mwongozaji aliyekulia New York na kuzijua kumbi za pool tangu ujana wake. Filamu yake ya All the King's Men ilishinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 1949. Lakini Rossen alibeba jambo jingine kifuani. Alikuwa amewahi kuwa mkomunisti, na mwaka 1951 alipoitwa mbele ya kamati ya bunge alikataa kuwataja wenzake. Kwa miaka miwili hakuna aliyempa kazi Hollywood. Mwaka 1953 alirudi mbele ya kamati ileile na kutaja majina 57. Kazi zikarudi. Sijui namna ya kuitazama The Hustler bila kukumbuka hilo. Ni filamu ya mtu anayeulizwa tena na tena, kwa sauti ya upole, yuko tayari kujiuza kwa kiasi gani, na imetengenezwa na mtu aliyewahi kuulizwa na akajibu.

Picha zilipigwa New York, sehemu kubwa katika ukumbi wa kweli wa pool ulioitwa Ames, karibu na Times Square. Paul Newman, aliyemcheza Eddie na aliyekuwa na umri wa miaka 36 filamu ilipotoka, hakuwa akijua kushika fimbo. Mwalimu aliyeletewa ni Willie Mosconi, yule wa viazi. Newman akaondoa meza ya chakula nyumbani kwake, akaweka ya pool mahali pake, akafanya mazoezi. Mapigo magumu kabisa ni mikono ya Mosconi unayoiona kwenye skrini, na mwenyewe anaonekana kidogo akiwa mtunza dau. Jackie Gleason, mchekeshaji mnene kutoka Brooklyn aliyecheza Minnesota Fats, mpinzani wa Eddie, hakuhitaji mikono ya mtu. Alikuwa amekulia mezani.

Mechi ya kwanza ya Eddie na Fats inaanza saa mbili usiku na kupita saa 25. Wanacheza mchezo wa zamani, ambao mchezaji hutaja mpira na shimo kabla ya kupiga, kila mpira pointi moja; mchezo wa subira, wa kuhesabu na kupanga. Kuna wakati Eddie yuko mbele kwa dola 18,000. Charlie anamsihi waondoke. Eddie hataki, anataka Fats akiri kwa kinywa chake kwamba mechi imekwisha. Naye Fats, badala ya kukiri, anakwenda maliwatoni. Ananawa mikono polepole, ananawa uso, anachana nywele, anavaa koti lake, anarudi ukumbini kama mtu anayekwenda harusini. Eddie amejilaza kitini na chupa ya wiski, shati limetoka nje, anacheka. Mechi haijaendelea, lakini mtazamaji ameshajua nani kashinda. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara ninatazama mikono ile chini ya maji. Fats hamfundishi Eddie neno hata moja, lakini katika filamu nzima sioni somo linaloizidi dakika ile.

Anayejitolea kumfundisha kwa maneno ni mwingine. Bert Gordon, aliyechezwa na George C. Scott, ni mcheza kamari mwenye miwani myeusi na bilauri ya maziwa. Anamwambia Eddie kwamba kipaji anacho, alichokosa ni uthabiti wa mtu, kisha anamwekea sharti: Bert atatoa mtaji na kuchukua asilimia 75, Eddie abaki na 25. Eddie anakataa, anajaribu peke yake katika ukumbi wa bandarini, na kwa hasira anaonyesha uwezo wake wote mbele ya watu asiowajua. Wanamvunja vidole gumba. Mikono inapopona anarudi kwa Bert na kukubali sharti. Wanakwenda Louisville na Sarah, mwanamke mlemavu wa mguu anayempenda Eddie, aliyechezwa na Piper Laurie. Sarah ndiye pekee anayemwona Bert alivyo. Bert anamvunja moyo mpaka anajiua. Eddie anarudi Ames, anampiga Fats mechi isiyo na makosa, kisha anakataa kumpa Bert mgawo wake. Bert anamwacha aende, kwa onyo kwamba asikanyage tena ukumbi wowote mkubwa wa pool.

Filamu iliteuliwa kuwania tuzo 9 za Oscar na kushinda 2, ya upigaji picha na ya usanifu wa mandhari. Kumbi zilizokuwa zikififia tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe zikajaa tena vijana. Mchezaji mmoja mnene mwenye maneno mengi, Rudolf Wanderone, akajitangaza kuwa ndiye Minnesota Fats halisi, na akaishi kwa jina hilo hadi alipofariki mwaka 1996. Tevis alikanusha kila alipoulizwa: Fats aliye kitabuni alitoka kichwani mwake. Mosconi hakuweza kuivumilia biashara hiyo. Mwezi Februari 1978 wawili hao wakakutana mbele ya kamera za televisheni New York, Mosconi katika suti yake, na Mosconi akashinda.

Miaka hiyo Tevis alikuwa akifundisha uandishi katika chuo kikuu huko Athens, Ohio, na pombe ilikuwa imemshika. Baada ya riwaya ya mwaka 1963 hakuchapisha nyingine mpaka mwaka 1980, alipokuwa ameacha kunywa na kuhamia New York. Vitabu vikaanza kufuatana, na mwaka 1984 akamrudia Eddie Felson katika The Color of Money. Agosti 9 mwaka huohuo saratani ya mapafu ikamuua, akiwa na umri wa miaka 56.

Newman alikuwa amependa filamu ya Martin Scorsese kuhusu bondia, Raging Bull, akamwandikia barua, na katika mazungumzo yao habari ya Eddie ikazuka. Mwandishi Richard Price akaletwa. Kutoka kwenye riwaya walichukua jina na wazo la Eddie aliyezeeka. Mengine karibu yote waliyabuni. Walitaka Fats awemo, lakini Jackie Gleason alipoonyeshwa sehemu yake aliona amepachikwa tu, akakataa. Huenda hilo liliikomboa filamu. Bila Fats, Eddie hana wa kumtazama mbele yake. Inambidi atazame nyuma, kwa kijana.

Miaka 25 imepita. Eddie anauza wiski, kinywaji kilichomwangusha mbele ya Fats. Ana gari zuri, ana suti, ana Janelle mwenye baa, na pembeni anawapa vijana mtaji wa kubeti. Jioni moja yuko kaunta akizungumza, mgongo ameipa meza. Nyuma yake mtu anapasua mipira ya kuanzia mchezo, na mlio wake ni kama wa nyundo. Eddie anageuka. Hajamwona kijana bado. Amemtambua kwa sikio.

Kijana ni Vincent Lauria, muuzaji katika duka la vitu vya watoto, na aliyemcheza, Tom Cruise, alizaliwa Julai 1962, The Hustler ikiwa imeshatoka. Anaye mpenzi wake, Carmen, anayechezwa na Mary Elizabeth Mastrantonio, mwanamke mwenye jicho kali kuliko wanaume wote wawili. Eddie anawaeleza mpango: wiki sita barabarani, kisha mashindano ya Atlantic City. Yeye atatoa mtaji na kubeba hasara zote, na atachukua asilimia 60. Mtazamaji wa filamu ya kwanza hapo anasisimka mwili. Asilimia zimepungua kidogo na sauti imekuwa tamu zaidi, lakini sharti ni la Bert. Mtu aliyevunjwa na mlezi wa namna ile amekua akawa mlezi wa namna ileile, na haoni. Anaamini anamsaidia mtoto.

Mchezo nao umebadilika. Sasa ni wa mipira tisa: lazima uguse kwanza mpira wenye namba ndogo, na anayeuingiza wa tisa ndiye mshindi. Ni wa haraka, na pigo moja la bahati linaweza kumaliza yote. Scorsese na mpigapicha wake Michael Ballhaus waliizungusha kamera juu na kando ya meza kama nzi aliyenusa asali. Picha zilipigwa Chicago, katika kumbi na baa za kweli, na baadhi ya wapinzani walikuwa wachezaji halisi, wakiwamo Steve Mizerak na Keith McCready. Bingwa Mike Sigel alishika nafasi aliyokuwa nayo Mosconi. Cruise alijifunza mpaka akapiga karibu mapigo yake yote mwenyewe. Pigo moja tu, la kuurusha mpira juu ya mingine miwili, lilimshinda kwa muda uliokuwapo, akalipiga Sigel.

Eddie anamfundisha Vincent jambo ambalo kwa kipaji safi ni gumu kuliko lolote: kupoteza. Vincent hawezi. Katika ukumbi mmoja anacheza huku akiimba na kuizungusha fimbo kama upanga, anawamaliza wote, na kwa kufanya hivyo anamfukuza tajiri aliyekuwa mawindo yao. Eddie anakasirika. Nami namwelewa Vincent. Kijana anacheza kwa sababu kucheza ni raha, na kila somo la Eddie linamwondolea kipande kimoja cha raha hiyo. Baadaye anaamriwa ashindwe na mchezaji anayeitwa Grady, ili asithaminiwe sana Atlantic City. Anashindwa, na unaona usoni mwake kitu kinafungwa.

Kisha Eddie mwenyewe anaingizwa mjini. Katika ukumbi mmoja anacheza na kijana mnene mpole anayeitwa Amos, mwenye maneno mengi ya kitoto. Amos anashindwa kidogo, dau linapanda, Amos anaanza kushinda. Eddie, mwalimu wa mbinu hizi, hashtuki mpaka fedha zimekwenda. Anamuuliza Amos kama yeye ni tapeli wa meza, na kijana anamjibu kwa swali: anaonaje, apunguze unene? Amos alichezwa na Forest Whitaker, akiwa bado hajulikani. Watu wa Afrika Mashariki walikuja kumjua miaka 20 baadaye, alipokwenda Uganda kumwigiza Idi Amin katika The Last King of Scotland, akajifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, na kurudi na Oscar. Katika dakika zake chache mezani na Newman, kila neno ni chambo.

Aibu hiyo inamgeuza Eddie. Anawapa Vincent na Carmen fedha na kuwaacha waende peke yao. Anakwenda kwa daktari wa macho, anaketi gizani kidevu kikiwa kwenye chombo, anabadilishiwa lenzi moja baada ya nyingine. Anapata miwani. Anarudi mezani peke yake, asubuhi hadi usiku, mtu mwenye mvi akijifunza upya kuuona mpira. Ni wakati huo tu, asipokuwa na mwanafunzi wa kumwamuru, ndipo ninapomwona kuwa mwalimu.

Atlantic City anakutana na Vincent katika mashindano na anamshinda. Furaha yake ni ya mtoto. Jioni Vincent na Carmen wanabisha hodi chumbani kwake hotelini na kumpa bahasha. Ndani mna dola 8,000, mgawo wake. Vincent anamweleza, bila ubaya wowote, kwamba aliiuza mechi ile. Wenyewe walibeti kwamba Vincent atashindwa, na faida ni kubwa. Anatabasamu. Amekuja kumwonyesha mwalimu kwamba somo limeeleweka.

Mtazame Newman hapo. Hapigi kelele. Anaishika bahasha kama mtu aliyekabidhiwa barua ya msiba ambayo bado hajaisoma. Ushindi aliodhani ni wake ulikuwa umeshanunuliwa na kuuzwa, kwa bei na mbinu alizozifundisha mwenyewe ndani ya gari, wiki baada ya wiki. Kisha anaingia kwenye mechi yake inayofuata na kabla haijakwisha anaweka fimbo chini, anajitoa.

Filamu ilitoka Oktoba 1986 na kuingiza takriban dola milioni 52 nchini Marekani. Machi 30 mwaka 1987 Newman alipewa Oscar ya mwigizaji bora, katika uteuzi wake wa saba wa uigizaji. Hakuwapo ukumbini, Robert Wise alimpokelea. Na nje ya skrini alikuwa amemwonyesha Cruise njia nyingine, ya mbio za magari, aliyoipenda na aliyoijua kiasi cha kumaliza wa pili huko Le Mans mwaka 1979. Katika mbio hizo kijana hakutakiwa kushindwa kwa makusudi.

Sehemu ya mwisho ya filamu iko katika chumba cha mazoezi. Eddie anamrudishia Vincent zile dola 8,000. Hataki fedha. Anataka mchezo wa kweli wa kijana, wote, bila kuficha kitu, hata kama utamshinda. Vincent anamuuliza atafanya nini akipigwa. Eddie anajibu kwamba atainuka na kumwacha ampige tena, na asipomshinda sasa atamshinda mwezi ujao. Anainama mezani, miwani usoni, anauvuta mkono nyuma na kuipasua mipira, na picha inakatika hapo, mipira ikiwa bado inakimbia.